Mashuka ya Mama

Muuzaji alidhani nimekuja kumpotezea muda. Nilisimama katika duka lake la vyombo vya umeme, hapa Singida mjini, tangu anafungua mpaka jua likawa kali, nikiuliza juu ya mashine za kufulia maswali aliyoyaona hayana kichwa wala miguu. Hii inapiga kelele kiasi gani? Ikikamua, shuka linatoka likichuruzika au linatoka karibu kavu? Inapasha maji yenyewe? Inatoa harufu zote?

"Harufu ya nini, dada?"

"Ya jasho," nikamwambia, na nikaangalia pembeni.

Haikuwa ya jasho. Mama yangu alikuwa amepata kiharusi kijijini Ihanja, upande wa kushoto ukalala, nikamleta kwangu Utemini ili awe karibu na hospitali. Mara mbili kwa wiki alitakiwa afanyishwe mazoezi ya viungo, na presha yake ilitakiwa ipimwe na kuangaliwa kama maziwa yaliyo jikoni. Daktari alisema wazi: akiyashika mazoezi kwa miezi kadhaa atatembea, akiacha, na dawa zikiyumba, kiharusi cha pili hakitabisha hodi. Hayo niliyaelewa. Nisichokitegemea ni kwamba ugonjwa ule ungemchukulia na haja ndogo. Karibu kila alfajiri alikuwa ameloa, mama yangu, mwanamke ambaye maisha yake yote aliogopa hata kuonekana akipiga mswaki.

Na nyumba ile haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa nyumba ya mkwe wake.

Mama alilelewa hivi, na akatulea hivyo: mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawakalii kiti kimoja, hawali wakitazamana. Mume wangu alikuwa anasimama mlangoni mwa sebule, macho chini, anasema, "Shikamoo mama," na mama anavuta khanga kichwani, anajibu, "Marahaba baba," basi, wamemaliza mpaka kesho. Watu wa pwani wanaweza kucheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Ile ndiyo ilikuwa heshima yao, na naweza kusema walipendana ndani yake. Mume wangu alikuwa hanunui nyama bila kuulizia kama mama anaweza kuitafuna.

Siku ya kwanza alipoamka ameloa, mama alinishika mkono kwa ule wake mzima akaniambia kwa Kinyaturu, "Yeye asijue." Nikamwahidi. Ndiyo ahadi pekee aliyoniomba tangu aanze kuumwa.

Kwa hiyo nikawa naamka kabla ya adhana, nafua kwa mikono uani, naanika, naoga, nakimbilia shuleni kufundisha. Mtu wa kufua tulikuwa naye, lakini mama alikataa mgeni aguse mashuka yake, na mimi sikumlaumu. Tatizo lilikuwa kamba. Shuka lililokamuliwa kwa mikono linachuruzika mpaka mchana, na mwanamume anayetoka kwenda dukani kwake kila asubuhi anapita chini ya kamba hiyo hiyo. Shuka moja Jumatatu ni usafi. Shuka kila siku ya Mungu ni habari.

Hiyo ndiyo sababu nilikuwa pale dukani namchosha yule kijana wa watu. Mashine za kufungulia juu zilikuwa na nafuu, lakini zinakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na tenki letu halijazwi na mvua. Za kufungulia mbele zinatumia maji kidogo, zinapasha, na zinakamua mpaka shuka linatoka na unyevu tu, unaweza kulitandaza chumbani juu ya viti na likakauka. Iliyobaki yenye moto wa kutosha ilikuwa moja, na muuzaji akaisifia kwamba ina akili, inaunganishwa na simu.

"Akili ninayo," nikamwambia. "Nataka inayofua."

"Hii inafua na akili inayo, dada. Utakuja kunishukuru."

Mume wangu alijua tu kwamba mkewe amechoka. Akachangia bila maswali, akanitania kwamba sasa nimekuwa mwalimu wa mjini.

Mwanzo wetu na ile mashine haukuwa wa heri. Fundi aliyekuja kuifunga alisahau kutoa komeo moja la kuishikilia wakati wa kusafirishwa, huko nyuma yake, basi ilipoanza kukamua ikatoka mahali pake ikatembea koridoni mpaka ikaziba mlango wa choo. Nilitia sabuni ya unga kwa kipimo cha beseni, povu likatoka hadi sakafuni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiitazama. Kile kioo cha mviringo mbele hakikumpendeza hata kidogo.

"Dirisha la nini?" akauliza. "Nani anatakiwa achungulie uchafu wa watu?"

Nikakitundikia khanga. Tulicheka siku ile, mimi na yeye, mpaka akashika ubavu. Nikamwapia kwamba nguo zake na za mkwe wake hazitakutana humo ndani, na hazikukutana. Zake alfajiri, peke yake. Za mume wangu Jumamosi. Katikati nilikuwa napitisha mzunguko mtupu wa maji ya moto, umeme ukaliwa bure, nisijali. Nilijiona binti mwenye adabu na mwenye akili. Kila tundu nilidhani nimeliziba.

Simu aliyoiunganisha fundi, siku ile ile ya povu aliporudi kutoa komeo, ilikuwa ya mume wangu. Yangu ilikuwa nzee, ilikataa. Yeye akatoa yake bila neno, akaenda zake kunywa chai, fundi akawa anabofya. "Huu mzunguko wa maji ya moto utautumia sana," akasema, "tuupe jina, uwe unaubonyeza mara moja tu. Niuite nani?" Mikono yangu ilikuwa na povu, mawazo yangu yako kwenye sakafu. Nikasema, "Mashuka ya mama."

Baada ya hapo sikuigusa ile simu. Nilibonyeza kitufe kwenye mashine yenyewe, na habari ya simu ikanitoka kichwani. Sikujua kwamba ile akili niliyoibeza ilikuwa inapeleka taarifa kila ikimaliza, kama mjumbe wa nyumba kumi.

Wiki zile zilikuwa nzuri, na inaniuma kuzikumbuka kwa sababu zilikuwa nzuri. Mama alianza kukunja vidole vya mkono uliolala. Akasimama na fimbo. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta barazani, ametembea mwenyewe kutoka chumbani, anachambua choroko kwenye ungo uliowekwa mapajani, mkono mmoja unafanya kazi na wa pili unasaidia kwa uvivu. Yule dada wa mazoezi hospitalini alimwambia, "Bibi, ukifika mwezi ujao utanikimbiza." Njiani mama alinitaka nimnunulie viatu vya kufunga.

Jumapili moja nilichelewa kuiwasha mashine, na mume wangu aliacha simu ikichaji sebuleni, akatoka nje kuosha pikipiki. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa namenya viazi mlangoni mwa jikoni. Binti yetu wa darasa la tatu, ambaye siku zile alikuwa anasoma kila kilicho na herufi, hata maandishi ya mfuko wa chumvi, aliichukua simu kutafuta mchezo. Ikalia. Akasoma kwa sauti ya darasani, kila neno peke yake.

"Mashuka... ya... mama. Imemaliza." Meseji ilikuwa ya Kiingereza, ila jina lilikuwa lile nililompa fundi, na hiyo "imemaliza" aliitafsiri mwenyewe kwa furaha. "Bibi, mashuka yako yamemaliza! Ziko nyingi, Bibi. Jana mara mbili: mashuka ya mama. Juzi: mashuka ya mama. Alhamisi pia!"

Nilimnyang'anya simu. Nilimfokea mpaka akalia, na hakuwa na kosa.

Mama hakugeuza uso. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeulizia bei, "Hiyo ni simu ya nani?"

"Ya baba," mtoto akajibu huku analia.

Mama akavuta khanga kichwani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumfichia uso. Chakula cha mchana hakugusa. Jioni mume wangu aliposimama mlangoni na shikamoo yake, mama aliitikia kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia. Kisha aliponiona nimeinama kumvua viatu, akasema, "Kesho nirudisheni nyumbani."

Nilimbembeleza. Nikamkumbusha mazoezi, dawa, vidole vyake, maneno ya daktari. Nikamwambia mama, utakufa.

"Kufa kila mtu anakufa," akasema. "Hili si kila mtu linampata."

Nikamwambia labda hajui. Labda hasomi hizo meseji. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Basi muulize."

Nilikwenda kumuuliza. Naapa nilikwenda. Nilimkuta uani anafuta mikono kwa kitambaa, nikasimama mbele yake, na hapo nikaona shimo lilipo. Kama anajua, amejua. Lakini kama hajui, nikimuuliza nitakuwa nimemwambia, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, niliyeahidi. Nikamuuliza kama atakula ugali au wali. Akasema wali.

Tulimpeleka mama Ihanja kwa gari ya kukodi. Mume wangu alisimama getini, macho chini kama siku zote, akathubutu kusema zaidi ya salamu: "Mama, tumekukosea nini?"

"Hapana baba," mama akajibu akiwa amelitazama dirisha la upande wa pili. "Nimewakumbuka kuku wangu tu."

Kule alikaa kwa kaka yangu. Nilikwenda kila Jumamosi na dawa, nikamfulia mashuka kwa mikono, maji ya kisima, sabuni ya mche, nikayaanika juu ya ua wa miiba mbele za watu wote, na hakujali. Pale wote walikuwa damu yake. "Hapa naumwa kwa raha," aliniambia, na kwa kweli uso wake ulitulia. Lakini vidole vilianza kujifunga tena. Kaka yangu alimnyoosha miguu kama nilivyomwonyesha, akachoka, alizeti zilikuwa shambani zinasubiri kuvunwa. Dawa za asubuhi zikawa zinasahaulika, za jioni zikawa zinakumbukwa mara mbili. Nilikasirika na wifi, nikakasirika na kaka, nikagombana nao mbele ya mgonjwa, jambo ambalo hadi leo naona haya nikilikumbuka. Kweli ni kwamba nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe na sikuwa na pa kuzitua hasira hizo.

Kiharusi cha pili kilikuja mchana kweupe, akiwa amekaa juani. Nilipigiwa simu nikiwa darasani, nikaandika sentensi yangu ubaoni mpaka mwisho, nikaweka nukta, ndipo nikatoka. Hatukumkuta hai.

Tulizika, tukakaa matanga, tukarudi Utemini. Mume wangu alikuwa amekonda. Wakati wote wa msiba alibeba viti, alichota maji, alichinja, alifanya kila kazi ya mkwe na ya asiye mkwe, na hakukaa. Siku kadhaa baada ya kurudi, alikuja jikoni, akavuta kigoda, akaniambia, "Mwalimu, nataka uniambie ukweli. Nilimkosea nini mama? Maana aliondoka kwa sababu yangu, hilo naliona. Nimehesabu kila neno nililomwambia, sioni."

Hapo hakukuwa tena na wa kumfichia. Nikamwambia yote: kiharusi kilichochukua na haja, alfajiri zangu, ahadi, jina nililompa fundi, mtoto na simu. Nilimwambia kwa ukali, kana kwamba bado ni kosa lake.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu mfukoni, akapapasa mpaka akaipata ile programu ya mashine, akanipa. "Niliizima sauti ya hii kitu," akasema. "Siku chache baadaye ikaanza tena kulia, nikaiacha. Mimi nilijua ni matangazo."

Nikazitazama. Mashuka ya mama, mashuka ya mama, mashuka ya mama, mpaka chini kabisa, zote zikiwa na kile kidoti chekundu cha kitu ambacho hakijafunguliwa. Siku ile nilipomnyang'anya mtoto simu vidoti hivyo vilikuwapo. Ningetazama badala ya kufoka, ningeviona.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," nikasema.

"Ningejuaje?" Alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Lakini hata bila kuniambia sababu, ungeniambia tu mama hawezi kukaa nyumba moja na mimi. Ningehamia dukani. Mle stoo kuna godoro."