Baba Anasikiliza Riwaya ya Cowboy Ambayo Haikuandikwa

"Hadithi za cowboy hazijamuumiza mtu yeyote, tonton. Ni farasi, kofia na vumbi tu." Hayo mpwa wangu, mwandishi wa riwaya, aliniambia mimi mjomba wake. Ni uongo. Aliyeumizwa anakaa sebuleni kwangu hapa Schaerbeek, Ubelgiji, blanketi magotini, akingoja nimsomee.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mtu wa Kivu. Naomba ukurasa huu ufiche jina langu, na si kwa woga: nimegombana hadharani na mapadri, wanasiasa na wahariri. Nalificha kwa ajili ya baba yangu.

Baba alichunga ng'ombe wa Mbelgiji mmoja katika milima ya Masisi. Mchana mmoja mto ulikuwa umefurika, kundi likashtuka na kukimbilia majini. Baba alijitosa. Alimwita ng'ombe kiongozi kwa jina lake la sifa, kama wachungaji wetu wafanyavyo, akamwimbia mpaka akageuka, na wengine wakamfuata. Kwato zilimvunja mguu, na hadi leo anachechemea. Mwaka jana mpwa wangu alikuja na kinasa sauti, akamsimulisha babu yake yote hayo. Zilijaa kaseti tatu. Mzee alifurahi kama bwana harusi.

Kitabu kilipotoka, nilikisoma ndani ya tramu nikapitiliza kituo changu. Mto wetu umehamia Texas. Anayeokoa kundi ni kijana wa nywele za dhahabu, kwa kufyatua bastola hewani! Aliyewahi kuishi na ng'ombe anajua kuwa ukifyatua bastola mbele ya kundi lililoshtuka, umeliua. Na chini ya gari la kukokotwa kuna mtumishi mweusi amejificha, amejikojolea. Mtumishi huyo anachechemea. Yaani mguu wa baba yangu amepewa mwoga.

Nilimfuata mpwa wangu kwake.

"Bon, tonton, unakasirikia nini? Éditeur mwenye kuchapisha alisema cowboy mweusi, batu habataamini."

"Basi éditeur wako hajasoma kitu! Cowboy weusi walikuwa wengi kule Amerika. Na ule mutumishi mwenye kuchechemea, ulimutoa wapi?"

Alicheka. "Ni détail tu, tonton. Détail ndiyo inafanya kitabu iishi."

Sasa nifike kwenye aibu yangu mwenyewe. Baba hajui Kifaransa. Kila Jumapili baada ya misa namfungulia kitabu namtafsiria. Nanyi mnajua tunavyowatafsiria wazee wetu. Karani wa commune, ofisi ya mtaa, alipomtukana, nilimwambia baba: "Anasema karatasi moja inakosekana." Daktari aliposema mguu hautapona, nilimwambia: "Anasema uupumzishe." Ulimi wangu umezoea kulainisha. Basi nilipofika kwenye ule mto, nikaitupa bastola, nikamtupa na yule kijana, nikamweka baba majini akimwimbia ng'ombe wake. Mzee alilia. Sasa kila Jumapili ananiambia, "Rudilia pale niliita ile ng'ombe, mwana wangu." Ametangazia kanisa zima kwamba yumo kitabuni. Na mimi, niliyetumia maisha yangu kuwaumbua waongo kwa wino mkali, namsomea uongo kwa sauti tamu.

Jumamosi ya wiki ijayo mpwa wangu anazindua kitabu katika ukumbi wa parokia. Atasoma sura hiyohiyo ya mto. Baba amepewa kiti cha mbele, na koti lake limeshapigwa pasi. Watu wetu watamtafsiria sikioni, kisha watamwona anavyotembea, na wataelewa. Nilimwomba kijana asome sura nyingine.

"Ah non, tonton. Ile ndiyo chapitre nzuri. Na mimi sikudanganya muzee. Mwenye alimudanganya ni wewe."

Mpwa wangu ananichefua. Kinachonichefua zaidi ni kwamba hapo amesema kweli.

Kwa hiyo siwaulizi wasomi, wala wapenzi wa riwaya. Nawauliza ninyi mnaoketi kati ya mama yenu na daktari, kati ya baba yenu na karani, mkameza neno moja na kutoa lingine. Je, nimwambie mzee kabla ya Jumamosi, au nimzuie asiende? Kama mmewahi kukiri, msinifiche: kesho yake, mzazi wenu aliwatazamaje? Niandikieni upesi.