Buibui wa Dafroza

Harufu ya tumbaku inayoanza kukauka haifanani na harufu ya sigara. Ni tamu kidogo, kama asali iliyosahaulika juani, na ndani yake kuna ukali unaobaki kooni. Juzi nilipita karibu na bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, la jirani yangu hapa Katumba, moto ukiwa umewashwa na majani yananing'inia kwenye fito, nikashindwa kuendelea na safari yangu. Nilisimama pale njiani na ndoo kichwani, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikimlilia mtoto wa miaka tisa.

Mtoto huyo ni mdogo wangu Dafroza. Alikufa katika miaka ya sabini, miaka michache tu baada ya sisi kufika hapa. Sijawahi kumsimulia mtu habari zake zote, kwa sababu ndani yake nimo mimi, na simo kwa sura nzuri. Nyie mnaosoma mtaamua wenyewe.

Tulitoka Burundi na mama. Baba hakufika. Tulipewa sehemu ya pori, tukakata miti, tukajenga nyumba ya matope, na majirani wakatufundisha kulima tumbaku. Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Dafroza tisa. Shuleni niliwekwa darasa moja na Dafroza kwa sababu Kiswahili chetu kilikuwa sawa, yaani kidogo. Nyumbani tuliongea Kirundi. Kiswahili tulikiokota neno moja moja, na tulipookota baya hatukujua mpaka watu wacheke.

Dafroza alikuwa mtoto wa kutazama. Mama akimtuma kuni, alirudi na kuni tatu na habari kumi. Msimu ule, wakati tunafunga majani kwenye fito, alimgundua mdudu kwenye ukuta wa bani, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Akaniita kwa kidole. Nilipofika, yule mdudu aligeuka akatutazama. Sisemi alisogea, aligeuka, mwili mzima, kama mtu aliyeitwa jina.

Alikuwa mdogo, hakuzidi punje ya hindi. Mweusi, mwenye manyoya mafupi kama ya mahameli, na mstari mweupe uliozunguka kiunoni. Mwili wake ulikuwa wa sehemu mbili: mbele kama kisanduku, nyuma kama yai. Usoni alikuwa na macho mawili makubwa yanayong'aa, kama taa za lori linalokuja kutoka Mpanda, na pembeni mwake mawili madogo. Dafroza alichukua kitako cha chupa iliyovunjika, akamtazama kupitia humo siku tatu mfululizo, akaniambia kuna mengine manne juu ya kichwa, yanatazama pembeni na nyuma. Mbele ya mdomo alikuwa na vimikono viwili vyeupe, akivipandisha na kuvishusha kama mtu anayenawa.

Hakuwa na utando. Aliwinda. Nzi akitua, alinyemelea hatua kwa hatua kama paka, akabandika uzi wake ukutani, halafu akajitupa. Siku moja alimkosa nzi akaanguka, akabaki ananing'inia kwenye ule uzi, akapanda tena taratibu. Tulicheka mpaka mama akauliza kama majani yanajifunga yenyewe. Nawaambia haya ili mjue: nilimwona. Nilimwona akijitupa si chini ya mara ishirini, bega langu likigusa bega la mdogo wangu.

Ndipo Mwalimu akatupa kazi ya kuleta mdudu shuleni na kusema ni wa kundi gani. Alichora ubaoni makundi matatu: wenye miguu sita, wenye miguu minane, wenye miguu mingi. Mdudu atakayeelezwa vizuri kuliko wote, jina la aliyemleta lingebaki ubaoni wiki nzima. Dafroza hakulala vizuri kwa furaha. Alikuwa hajawahi kuona jina lake limeandikwa mahali popote isipokuwa kwenye karatasi ya mgao wa chakula cha wakimbizi.

Alimbeba kwenye kasha la kiberiti alilolitoboa matundu. Wengine walileta panzi, jongoo, mende. Zamu yake ilipofika alisimama wima.

"Huyu ni buibui," alisema. "Ana miguu minane. Ana macho manane. Anaruka."

Mwalimu alikuwa mtu mwema, tuliyempenda. Alitabasamu.

"Anaruka? Mabawa yake yako wapi?"

Hapa niwaeleze jambo. Kwetu kuna maneno mawili. Ndege *anaguruka*, chura *anasimba*, na hakuna mtoto wa Kirundi anayeweza kuyachanganya. Kiswahili kina kuruka, na ndege na chura wote wamo humo. Dafroza alijua hilo neno moja tu. Akalirudia, kwa sauti zaidi, kama vile Mwalimu hakusikia.

"Hana mabawa. Anaruka!"

Darasa lilipasuka. Kulikuwa na mvulana mmoja, Hamisi, ambaye kwao waliishi mjini na Kiswahili alikuwa nacho tangu tumboni. Akapaza sauti: "Mwalimu, amfunge kamba, asije akaruka mpaka Bujumbura!"

Mwalimu alinyamazisha darasa, akafungua kasha. Yule buibui alikuwa amejikunja kwenye kona kwa hofu. Mwalimu akamgusa na chaki, akahesabu miguu kwa sauti, na kwa vile vimikono vya mbele navyo vilikuwa vinatikisika, akafika kumi.

"Kumi, mwanangu. Tena buibui hujenga utando. Wa kwako ana utando?"

"Hana, Mwalimu. Hiyo miwili si miguu, ni mikono."

"Mikono!" alisema Hamisi, na hata Mwalimu alicheka safari hii.

Kisha akauliza swali la haki kabisa. "Kuna mwingine yeyote aliyemwona buibui huyu akiruka?"

Dafroza aligeuka akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye ameshashinda.

"Dada yangu alimwona," alisema. "Tulikuwa wote kila siku."

Mwalimu akaniambia nisimame. Nikasimama.

Ningeweza kuwaambia kwamba mama alitufundisha njiani, wakati tunakimbia, kwamba tukiulizwa chochote na yeyote tuseme hatujui. Ni kweli alitufundisha. Lakini si sababu. Sababu ni kwamba wasichana wawili niliotaka wawe rafiki zangu walikuwa bado wanacheka, mikono mdomoni, na mmoja alikuwa ananitazama.

"Sikuona, Mwalimu," nilisema.

Dafroza alichukua kasha lake, akalifunga, akarudi kukaa. Baada ya masomo alikwenda peke yake hadi ukuta wa bani, akafungua kasha, akangoja mpaka buibui akatoka mwenyewe. Nilimtazama kutoka mlangoni. Hakuniita kwa kidole.

Shuleni walimpa jina la Ndege. Nyumbani alinijibu kila nilichomuuliza, kwa adabu, kama mtu anayejibu mgeni. Mama aliona. "Mmegombana nini nyie?" Tukasema hatujagombana, na ilikuwa kweli.

Mvua zilipoanza, Dafroza alishikwa na homa. Siku ya kwanza tulidhani ni uchovu wa kupanda mahindi. Siku ya pili mama alimpeleka zahanati kwa baiskeli ya jirani, wakarudi na vidonge vichungu ambavyo alivitapika. Siku ya tatu, mchana, mama alikwenda kuchota maji akaniacha nimpepee. Alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka. Akafungua macho.

"Dada, ulimwona au hukumwona?"

"Nilimwona," nilisema.

"Kweli?"

"Kweli. Akijitupa kwa nzi. Nilimwona."

Akasema, "Basi kamwambie Mwalimu."

"Kesho nitamwambia," nilisema.

Akafumba macho. Alikufa alfajiri, mama akiwa amemshika mikono yote miwili.

Wiki iliyofuata nilirudi shule. Mwalimu alitusimamisha tumkumbuke, akauliza kama kuna anayetaka kusema neno juu ya mwenzetu. Darasa zima lilinigeukia. Wale wasichana wawili walikuwa wanalia kweli. Hakuna ambaye angecheka siku ile. Ningeweza kusema chochote. Nilisema, "Alikuwa mtoto mzuri," nikakaa. Mpaka leo sijui nilikuwa namwogopa nani.

Mwaka jana mjukuu wangu anayesoma sekondari Mpanda mjini alikuja na kitabu cha viumbe. Nikamwomba anitafutie buibui asiye na utando. Akafunua, na yule pale, macho mawili makubwa mbele, vimikono chini ya mdomo.

"Bibi, hawa wanaitwa buibui warukaji," akasema. "Kumbe hata si wadudu. Wadudu wana miguu sita. Buibui wako kundi moja na nge na kupe, miguu minane. Hivi viwili vya mbele havihesabiwi, ni vya kushikia na kupapasa."

"Macho mangapi?"

Akasoma kwa kidole. "Manane."

Nilimuuliza yule wa kwetu, mweusi mwenye mstari mweupe, ni wa aina gani hasa. Akasema jamii hiyo ina aina nyingi mno, hata wataalamu hupata taabu, wakati mwingine inabidi watazame viungo vidogo kwa darubini. Basi jina lake sikulipata. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko muda mrefu, mpaka mjukuu akaja kuniuliza kama amenikosea.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ni kwamba Dafroza hakupata jina lake ubaoni. Nilipokuwa mdogo nililiona hivyo: alikuwa sahihi, hakupewa haki yake, na mimi ningeweza kumsaidia akaipata. Sasa naona ubao haukuwa kitu. Ubao ungefutwa Jumatatu. Angeweza kuchekwa na darasa zima na akarudi nyumbani akicheka naye, kama tungekuwa wawili tuliochekwa. Lile swali aliloniuliza kwenye mkeka halikuwa juu ya buibui. Kwa siku zote zile alikuwa amelala kando yangu bila kujua kama tulikuwa wote pale ukutani, au alikuwa peke yake.

Nilimjibu akiwa amebakiwa na usiku mmoja, tena nilimjibu kwa kunong'ona, mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.