Mrija wa Kwanza

Mwaka ule vita vilikuwa vimechoka kidogo, au vilijifanya vimechoka. Barabara inayopanda kutoka mtaa wa Musaga kwenda milimani ilifunguliwa kila asubuhi wanajeshi wakishaikagua, na kila jioni ikafungwa tena. Ndipo mjomba wangu, mdogo wake mama, alipotuma salamu kwamba mtoto wake wa kwanza atabatizwa Jumapili, na mama wa ubatizo, marene kama tunavyosema Bujumbura, awe mama yangu na si mwingine. Mama alilia jikoni akasingizia vitunguu. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Sababu ya machozi niliijua. Tangu vita vianze hakuwa amepanda kwao. Bibi alifariki akazikwa bila yeye, kwa kuwa siku zile hapakuwa na njia. Huko mlimani walisema, na maneno yana miguu, yalitufikia, kwamba aliyeteremka mjini amekwisha kuwa mtu wa mjini, basi asisumbuliwe. Mama alitaka kitu kimoja tu: ahesabiwe tena mtoto wa nyumba ile. Sasa mdogo wake alikuwa anamfungulia mlango.

Baba hakwenda. Alisema anabaki kulinda nyumba, kana kwamba tulikuwa na cha kuibiwa, ila akatuachia wosia wa kuharibu safari.

"Kila kitu, wanywe wao kwanza," alimwambia mama. "Ata kama ni ndugu. Unanisikia?"

Siku hizo mtaani kwetu kila mtu alikuwa na hadithi yake ya mtu aliyealikwa, akanywa, akarudi amebebwa. Nyingi zilikuwa za kutunga, lakini baba aliwahi kumzika rafiki yake aliyekufa kwa namna hiyo, na aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mama akamcheka.

"Yule mutoto nilimubeba mugongoni," akasema. "Mi ndiye nilimufundisha kutembea."

Tulipanda kwenye kamyoneti ya jirani aliyekuwa anafuata kabichi huko juu. Mama alikaa mbele na kitambaa cheupe cha mtoto mapajani, mimi nyuma na kreti ya fanta. Nilikuwa na miaka kumi na sita na viatu vyenye kisigino, kwa sababu nilitaka binamu zangu wajue ninatoka wapi. Walijua mara moja. Kisigino cha kushoto kilibaki kwenye tope kabla hatujafika kanisani, nao walikicheka kicheko cha haki kabisa.

Njiani, tuliposimama kungoja kizuizi kiinuliwe, mama alinisimulia mambo ya kwao, akijivuna. Pombe ya mtama sote Warundi tunainywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni ili waone kwamba ni safi, haina sumu. Lakini kwao, tangu enzi za babu, mtoto wa nyumbani haonjewi. Yeye hupewa mrija wa kwanza, kabla hata ya mwenye nyumba. Nani amwonjee mtu pombe ya kwao? Kuonjewa ni kwa wageni.

Ibada ilikwenda vizuri. Mama alimshika mtoto juu ya beseni la maji, na mtoto alipopiga kelele mama alicheka kwa sauti kanisani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tena. Tukarudi kwa mjomba kwa miguu, mimi pekupeku, viatu mkononi. Uani palikuwa na mabenchi, majirani, mashangazi wa mama ambao kila mmoja alinishika shavu akasema nimekonda. Mama akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Chungu kikaletwa, kikawekwa mbele yake.

Mjomba alichomeka mrija mmoja tu. Wazungumzaji wakanyamaza, maana wote waliijua desturi ile. Alichuchumaa mbele ya dada yake, mtu mrefu yule, akamwelekezea mrija kwa mikono miwili.

"Kunywa, dada," akasema. "Apa ni kwenu."

Walikuwa wanaongea Kirundi, bila shaka. Mimi nayaandika kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, ndicho kinachonijia. Mama aliinama. Nilimwona mdomo wake umefika karibu kabisa. Halafu akakomea hapo. Sijui ni sauti ya baba iliyomrudia, au ni ile miaka yote tuliyolala tukisikiliza nani anapita nje. Aliinua kichwa.

"Anza we," akasema.

Maneno mawili tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi mmoja aliyekwisha kuinua mikono apige makofi aliishusha akaificha chini ya kanga. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na aibu mbaya zaidi ni kwamba chini yake, pembeni kabisa, nilipumua kwa nafuu. Niliwaona binamu zangu wananitazama, nikajishughulisha na kiatu changu kibovu.

Mjomba hakukasirika. Angekasirika ingekuwa heri, tungegombana, tungelia, yangekwisha. Alitazama mrija ule kidogo.

"Mi?" akauliza. Kisha akajibu mwenyewe: "Ndiyo. Ni kweli."

Akanywa. Akanywa sana, koo likipanda na kushuka, ili kila mtu aone. Akaifuta ncha ya mrija kwa kiganja, akampa mama. Mama akanywa. Mazungumzo yakarudi, yakichechemea.

Tangu hapo mjomba alionja kila kitu. Maharage yalipokuja, alichota kijiko kutoka sahani ya mama, akala, akamsogezea. Ndizi, akakata kipande akatafuna. Nyama vivyo hivyo. Hata maji ya kunywa aliyafanyia hivyo. Na fanta tulizoleta sisi wenyewe, alimpa mama chupa ikiwa imefungwa, pamoja na kifungulio, afungue kwa mkono wake. Hakufanya kwa kejeli, ningejua. Alifanya kwa adabu yote, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, mkuu wa tarafa au padri. Na kila alipoonja, mama alizidi kuinamia sahani. Hakuna aliyesema neno baya. Walituuliza habari za bei za sukari mjini. Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze mimi na sahani yangu.

Mke wa mjomba alileta mtoto, akamweka mikononi mwa mama, na kwa kitambo nikadhani yamepita. Mama alimwimbia wimbo ambao, nilisikia baadaye, alikuwa akimwimbia mjomba mwenyewe alipokuwa mdogo. Mjomba alisikia. Alikuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani.

Alasiri kamyoneti ikapiga honi kule chini, dereva akihofia kizuizi kufungwa. Watu wakasimama kuagana. Mama alimrudisha mtoto kwa mama yake, kisha, badala ya kuaga, akaenda moja kwa moja kwenye chungu. Kilikuwa kimebaki na pombe kidogo na machicha. Akapiga magoti na mavazi yake mazuri, juu ya udongo, mbele ya watu wote, akaushika mrija yeye mwenyewe. Nilielewa anachofanya. Kila mtu alielewa. Moyo wangu ulimsukuma: kunywa, mama, kunywa upesi.

Mjomba alivuka ua kwa hatua ndefu. Akachuchumaa upande wa pili wa chungu, akaufunika mdomo wa chungu kwa kiganja.

"Apana, dada," akasema kwa upole. "Ngojea. Bado sijaonja."

Akautoa mrija taratibu mkononi mwa mama, akanywa, akaufuta, akampa. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akanywa yote iliyobaki, akamshukuru kwa kutukaribisha.