Kibarua Asiye na Jina

Tarehe 2 Julai 1962, Rumonge iliamka na upepo mkavu wa ziwani. Vibarua wa Abdullatif, mwenye kiwanda kidogo cha mawese, walikuwa bado kwenye ngoma za uhuru, kwa hiyo alichukua wageni wanne wamkamulie mawese. Msimamizi wake, Chausiku, alikuwa ameshaonywa: mafuta yakiharibika tena, kazi hana. Kabla moto haujawashwa, akaanza kuikagua safu ya wageni.

“Mama, washa moto!” Abdullatif akamhimiza. “Hawa hata majina yao hatuyajui, utawakaguaje?”

“Jina la nini, Bwana? Mimi natazama mtu amewekwa wapi.” Akamwonyesha mgeni wa pili katika safu. “Nyuma yake ni pa kuchemsha chikichi, mbele yake iko mashine ya kukamua, nayo haili chikichi nzima. Basi huyu anapokea zilizochemshwa, anatoa zilizotwangwa. Mbona ameshika chujio?”

“Kwetu Kabezi mimi huchuja,” mgeni akajibu.

“Kwenu chuja. Hapo uliposimama ni pa kutwanga.” Akampa mchi.

Wa nne alikaa pembeni, hana mtu nyuma wala mbele. Chausiku alimtazama sana, asione dalili yoyote ya kazi yake.

“Wewe mahali pako hapasemi kitu. Sema mwenyewe, unapokea nini, unatoa nini?”

“Napokea mafuta machafu, natoa safi.”

Akampeleka mwisho wa safu, akampa lile chujio.

Mawese yalitoka mekundu, hayana makapi. Kesho yake asubuhi Chausiku aliikagua safu polepole kuliko jana, na Abdullatif akamngoja amalize ndipo moto uwashwe.