Mbegu Alizozifukua Binti Yangu

Mimi nilizaliwa Bungu, milimani, ambako watu hupanda udongo ukiwa umelowa. Kupanda kwenye vumbi nilifundishwa na mama mkwe nilipoolewa Kwedizinga: mawingu yakianza kujikusanya, unafukia mahindi kabla ya tone la kwanza, ili mvua ikija iyakute tayari. Mpaka leo sijazoea. Masika ya mwaka jana, tulipomaliza kupanda, nilikuwa natoka nje kutazama mbingu kila mara, hadi mume wangu akaniuliza kama kuna mgeni namsubiri.

Binti yetu wa miaka saba ndiye aliyetumbukiza mbegu, tatu tatu kila shimo, na kufukia kwa kisigino. Wiki hiyohiyo mwalimu aliwaeleza darasani kwamba dunia inazidi kupata joto na mvua hazifuati tena majira yake. Mtoto akarudi nyumbani, chakula akakichokonoachokonoa tu. Siku ya tisa bila mvua nikamkuta shambani kapiga magoti, kucha zimejaa udongo. Alikuwa amefukua mistari minne. Mahindi ameyatia kwenye kopo la maziwa, kayafuta vumbi moja moja.

Nikapandwa na hasira. "We mtoto, una wazimu? Unatutakia njaa?"

"Nayaokoa, mama. Yanaungua huko chini. Mvua haiji, mwalimu kasema."

Mkono ulishainuka nimchape. Nikaushusha, nikajifanya narekebisha kilemba, maana asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimefukua shimo moja kwa siri, nione kama mbegu bado nzima. Nilijionea aibu.

Siku mbili baadaye ikanyesha, mvua ya kweli, ya kuziba masikio chini ya bati. Ilipopungua nikamwambia alete kopo tukapande upya. Akalikumbatia.

"Kwanza uape haitakatika."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua kunde. "Mjukuu wangu," akasema, "hilo hakuna anayelijua."

Mtoto hakumgeukia. Alinikazia macho mimi, na mimi nilikuwa na haraka, udongo usije ukakauka. Nikaapa. Akanipa kopo.

Mahindi yalifika magotini, mvua ikakata. Yalipokauka hakulia wala hakunilaumu. Siku hizi akitaka kujua kama itanyesha, anamuuliza bibi yake, hata nikiwa nimesimama palepale.