Wati za Gachau

Kiama alisambaza mikate kwa baiskeli, kreti mbili nyuma, kutoka bekari ya Makongeni hadi maduka ya Ngoingwa. Miguu anayo, hilo hakuna anayebisha. Kilichomponza ni kuamini namba.

Namba zilitoka kwa Gachau, rafiki yake tangu shule, mwenye jimu, ukumbi wa mazoezi pale mtaani. Gachau alileta baiskeli ya mazoezi ya ndani, ile inayounganishwa na skrini: ukifika kilima kwenye picha, pedali zinakuwa nzito, na nguvu zako zinasomwa kwa wati. Timu moja ya mbio za baiskeli ya Ruiru ilipotangaza kwamba inatafuta waendeshaji, matokeo yatumwe kwa simu, Kiama alipanda akakanyaga dakika ishirini. Skrini ikaandika mia tatu na arobaini. Jimu nzima ikapiga kelele.

Ruiru wakamwita. Kanisani akasimamishwa mbele, akaombewa. Bekari ikampa mtu mwingine kreti zake. Mama yake, maskini, alikuwa ameshawaambia majirani kwamba kijana anaenda kushindana Ulaya.

Kule Ruiru kocha Dianah alikuwa na mashine yake, na kila asubuhi aliipasha moto akaisawazisha upya ili isome kweli kabla mtu hajaipanda. Kiama alikanyaga mpaka akatapika. Mia mbili na sitini.

"Hizo themanini zingine ulitoa wapi?" Dianah akauliza.

"Ni mimi, kocha. Haki ya Mungu ni mimi. Twende barabarani basi, uone."

"Wengine wanangoja. Na hapa hatutaki watu wa kupika matokeo. Enda nyumbani."

Akarudi. Mtaani wakampokea na methali: njia ya mwongo ni fupi. Na ni walewale waliopiga kelele kwenye jimu! Inauma, jamani, kuitwa mwongo kwa uongo uliosemwa na chuma.

Akamwendea Gachau. Gachau alikuwa akipanga vyuma vyake, hata hakuinua macho.

"Ai, Kiama, nilijua inasoma juu. Lakini nikiirekebisha, nani atakuja? Watu wanataka kuona namba kubwa."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, buda."

Kiama alikunja ngumi. Kabla hajairusha, kelele zikalipuka upande wa pili wa chumba. Waruguru, msusi wa saluni ya jirani, alikuwa akishuka kwenye ile baiskeli, jasho likimchuruzika, simu tayari mkononi. Alikuwa amepiga picha ya skrini awatumie watu wa Ruiru.

Kiama akamkimbilia. "Waruguru, usitume. Hiyo mashine inadanganya. Pimwa kwingine kwanza, nakuomba."

Waruguru akamtazama toka juu mpaka chini.

"Gachau aliniambia utaona wivu," akasema. "Na saluni nimeshaaga."

Akatuma.