Viazi Alivyokuja Navyo Manariyo

Kwa miaka tisa huko Burundi kazi ya Manariyo ilikuwa kuzalisha aina mpya ya viazi visivyougua ukungu na visivyoungua vikikaangwa chipsi. Alipokimbia vita mwaka 1993 aliiacha picha ya harusi, akabeba viazi kumi na viwili.

Katika kijiji cha Kalinzi, ng'ambo ya mpaka, mama mmoja mwenyeji, Spesiosa, alimpa kipande cha shamba avipande. Ukungu haukuvigusa viazi. Lakini msimu wa pili mimea ilinyauka tu.

“Ni jua kali tu, mwanangu. Usijilaumu,” Spesiosa alisema.

Manariyo alikata kiazi kimoja, usaha mweupe ukachuruzika.

“Si jua, mama. Huu ni ugonjwa wa mnyauko, hukaa udongoni miaka. Nimekuja nao mimi.”

Spesiosa alikitazama kile kiazi. “Na majirani niliowagawia mbegu ya mavuno ya kwanza?”

Wakaenda kuwaambia. Manariyo alitangulia, kama mpeleka habari za msiba.